Mlezi wa Mawe Yaliyo Hai

Saa moja kasoro robo asubuhi, mtu anabisha hodi kwa kiwiko, maana mikono yake yote miwili imeshika ndoo. Ni mwanamume wa makamo aliyevaa shati la ofisini. Suruali yake imelowa mpaka magotini, na ndoo ameifunika kwa taulo kama aliyebeba mtoto mchanga kwenye baridi.

Anayefungua ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mswaki bado mdomoni. Hawajawahi kuonana.

"Samahani mama. Hapa ndipo kwa Daktari wa Mawe?"

"Ndipo. Mgonjwa ni nani?"

"Jiwe la mama yangu," anajibu mgeni, na kufunua taulo.

Mwenyeji anapiga magoti palepale kizingitini. Anachovya kidole majini, anakilamba, kisha anainua uso. "Nani kaweka chumvi yote hii?"

Mgeni anatazama viatu vyake. "Mimi."

Ndani ya ndoo kuna tumbawe la ukubwa wa kichwa cha mtu. Kwa asiyejua, ni jiwe tu. Lakini jiwe hilo limejengwa na wanyama wadogo, mamia kwa mamia, kila mmoja na kishimo chake na kinywa chake. Wakiridhika hutoa minyiri laini inayoyumba majini. Wakichukizwa hujifungia ndani. Wakifa, ngozi hubanduka, jiwe likabaki jeupe tupu, kama mfupa.

Asubuhi hiyo, sehemu kubwa ya tumbawe hilo ilikuwa nyeupe.

Jina la Daktari wa Mawe alipewa na fundi viatu wa jirani, kwa dhihaka, na likamganda. Kila akipita na ndoo zake, fundi humwita: "Daktari, mawe yameamkaje?" Naye hujibu bila kugeuka: "Yameamka salama, yanauliza wewe utaoga lini."

Kazi yake ni kuzunguka kwenye nyumba za watu wanaofuga samaki na matumbawe sebuleni. Husafisha vioo, hupima maji, hubadilisha yaliyochoka. Alianza kama mfagiaji katika duka la samaki wa mapambo, akajifunza kwa kutazama. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na nyumba kumi na moja. Leo zimebaki nne. Wengine wamehama, wengine umeme umewashinda, wengine wamechoka tu.

Kinachomshikilia mjini ni tangi lake mwenyewe, lililochukua nusu ya sebule yake. Humo mna tumbawe la matawi alilolilea miaka saba tangu likiwa dogo kama kidole gumba. Hulikata vipande na kuviuza kwa wafugaji wengine. Kipande kimoja humpa sawa na usafi wa nyumba mbili.

"Hili ndilo shamba langu," anasema. "Wenzangu wana mihogo."

Mgeni wa asubuhi ile alieleza kisa chake akiwa bado amesimama. Mama yake, mwalimu mstaafu wa hesabu na mteja wa siku nyingi wa Daktari, ambaye husafishiwa tangi mara moja kwa mwezi, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Wiki tatu sasa yuko hospitali. Mwana akaja kutoka mji mwingine kulinda nyumba. Akaona maji ya tangi yanapungua kila siku. Kwa kuwa yalikuwa maji ya chumvi, naye akakoroga ya chumvi, jagi moja kila asubuhi, kwa moyo safi kabisa.

"Maji hupanda hewani, mwanangu," Daktari alimwambia taratibu. "Chumvi haipandi. Yakipungua, unajazia maji matupu."

Kipimo kinapaswa kusoma thelathini na tano. Kilisoma arobaini na mbili.

Hakumkaripia, kwa sababu ana lake moyoni. Miaka mingi nyuma alikuta tangi la mteja limepungukiwa madini yanayojenga mifupa ya matumbawe. Dawa ya wiki nzima akaimwaga yote kwa siku moja, apate kuwahi nyumba nyingine. Siku ya tatu matumbawe yote yalikuwa yamebanduka ngozi. "Mwenye mali hata hakugomba," anasema. "Alinipa ndoo niyatoe. Afadhali angenitukana."

Basi safari hii hakutaka haraka. Tumbawe la Mwalimu lilipaswa kukaa peke yake kwenye beseni, lisije likaambukiza mengine, na chumvi ipunguzwe kikombe kwa kikombe kwa muda wa wiki nzima. Lakini beseni bila taa na bila pampu ya kusukuma maji ni kaburi, na pampu yake ya akiba iliungua mwezi uliopita umeme uliporuka. Nyingine mpya ni mapato yake ya mwezi mzima.

Akachomoa pampu moja kati ya mbili kwenye tangi lake, na taa moja.

Binti yake, ambaye ni msusi, alisimama mlangoni akimtazama. "Mama, mimi nilipougua surua hukunihangaikia hivi."

"Wewe ulikuwa unalia. Hili halijui kulia."

Siku ya pili alikwenda hospitali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu kaniulia, eti?"

"Hajaua. Amelikoleza kama mchuzi."

Mwalimu alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. "Niambie kweli. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, usinifiche namba."

"Theluthi moja ndiyo hai."

Mgonjwa alitazama dari. "Theluthi si sifuri," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba tumbawe lile lilianzishwa na marehemu mume wake, na kwamba tangu afariki, ni kitu pekee nyumbani kinachomsubiri asubuhi. "Naiogopa ile nyumba. Nikiingia nikalikuta tangi tupu, sijui kama nitavuka mlango."

"Siku utakayoingia," Daktari alimwambia, "litakuwa limekutangulia."

Lilikuwa neno la kumfariji mgonjwa. Lakini alilisema, na Mwalimu akamshika mkono kama aliyepewa ahadi.

Wiki ya pili, tumbawe la beseni likatoa minyiri. Michache, ya upande mmoja, ila ilikuwa hai. Wiki hiyohiyo, kwenye tangi kubwa, kona isiyofikiwa tena na maji ya pampu ikaanza kujaa uchafu. Tumbawe la matawi likaanza kupauka kutoka shinani.

"Rudisha pampu yako," binti yake alimsihi. "Mwalimu ni mtu mwelewa. Hatakulaumu."

"Najua hatanilaumu," mama alijibu. "Hapo ndipo paliponikaba."

Alikata matawi yaliyokuwa bado mazima, akayabandika upande wenye mkondo. Yaliyosalia nusu yamekufa, nusu yanasubiri. Mwaka huu hatakuwa na vipande vya kuuza. Nia yake, anasema, ni kupata tena wateja hadi wafike nyumba nane, kisha aweke tangi dogo la pembeni lenye pampu na taa zake, liwe wodi ya wagonjwa. "Ili siku nyingine nisichague nani apumue."

Ruhusa ya Mwalimu kutoka hospitali ilikuja Alhamisi. Daktari alikuwa ameshamwaga maji ya zamani ya tangi nyumbani kwa Mwalimu na kukoroga mapya. Alipowasha mitambo, pampu ya humo haikuzunguka. Chumvi ilikuwa imeigandisha hadi mhimili ukakatika. Taa nayo ilimulika mara mbili, ikazima.

Alisimama akiwa na ndoo ya tumbawe mkononi. Tumbawe lingeweza kubaki kwake wiki mbili tatu, mpaka vifaa vipatikane. Mwalimu angeelewa.

Akatoka. Baada ya nusu saa akarudi na mfuko, ndani yake pampu na taa za beseni, ambazo zilipaswa kurudi kwenye tangi lake. Akavifunga mwenyewe, polepole, akaliweka tumbawe juu ya jiwe ndani ya tangi, upande ulio hai ukielekea mlangoni. Minyiri yote ilikuwa imejifunga kwa msukosuko wa safari.

Nje, gari lilisimama. Mwanamume akasikika akisema, "Taratibu, mama, kuna ngazi."

Daktari akajifuta mikono kwenye gauni, akafungua mlango.

"Pita, Mwalimu," akasema. "Mwenzio yuko ndani."