Mimi Niliomba Maji

Jambo hili siwezi kulisimulia nikiwa nimekaa. Hata nilipotakiwa kutoa ushuhuda kanisani nilianza vizuri pale mbele, mara nikawa natembea huku na huku, mikono hewani, mpaka padri akaanza kucheka. Nivumilieni.

Kijiji chetu kiko upande wa Mwakitolyo, na huku kwetu kiangazi kikikaza, maji tunayafukua kwenye mchanga wa mto uliokauka. Unapanga foleni na dumu lako, unachota kwa kikombe, na mwenzako nyuma anakusonya kwamba unachelewesha. Nimefanya hivyo nikiwa msichana, nikiwa na mimba, nikiwa na malaria. Kwa hiyo mwaka tuliopata mpunga mzuri, mume wangu aliponiuliza tununue bati mpya au pikipiki, sikumwacha amalize. Kisima, nikamwambia. Hapa hapa uani, karibu na jiko.

Jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwetu. Akina mama wakapiga magoti kwenye vumbi, pale pale tulipopanga kuchimba, nami nikasema kwa sauti wasikie wote: Baba, naomba maji. Sikuzunguka. Mimi si mtu wa kusali kwa mafumbo.

Mchimba visima tulimtoa Kishapu. Mtu mfupi, kifua kipana, anaimba akiwa chini ya shimo kama vile yuko harusini. Aliniita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita kila mama. Yeye anachimba, mume wangu juu anavuta ndoo kwa kamba. Ukatoka udongo mwekundu, ukafuata mweupe unaonata, halafu siku moja, nikiwa nasonga ugali, nikasikia wimbo umekatika.

"Mayu! Njooni mwone!"

Ndoo ikapanda na mawe meupe yenye michirizi ya kutu. Mume wangu kabla hajanioa alichimba kwenye maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, kwa hiyo mawe anayajua. Akachukua moja, akalilamba, akaligeuza juani, kisha akakaa chini. Chini kabisa, kwenye udongo, na suruali yake safi.

Tukalitwanga. Akauosha ule unga kwenye karai langu, polepole, anazungusha na kumwaga, anazungusha na kumwaga, mpaka pembeni pakabaki uzi mwembamba wa njano. Weee! Nilipiga kelele hiyo! Tukashikana mikono tukaruka uani kama ndama walioachiwa, watu wazima sisi, na watoto wetu wanatushangaa. Dhahabu, jamani! Kwangu! Karibu na jiko!

Ugali haujapoa, uani pamejaa. Kesho yake akaja bosi mmoja mwenye maduara kule mgodini, gari kubwa, miwani ya jua. Akaeleza vizuri, wala hakuwa mtu mbaya. Atashughulikia vibali vyote serikalini, ataleta vijana na magogo ya kuzuia kuta za shimo, na sisi tutagawana naye mawe. Ila mwamba wenye dhahabu unaelekea chini ya chumba tunacholala, hivyo nyumba itabidi ivunjwe. Akasema atarudi keshokutwa kuchukua jibu.

Akina mama wa jumuiya ndio walionichosha. "Mungu amejibu! Umeomba kidogo, amekupa kikubwa!"

"Mimi niliomba maji."

"Maji si utanunua? Hata ya chupa!"

"Niliomba maji!"

Wakaniona mkaidi, na kweli ni mkaidi. Lakini aliyenibana hasa ni mume wangu, kwa sababu yeye alikuwa na swali la kweli. Aliniuliza kwa upole, "Mama watoto, tutajuaje? Mungu akituletea kitu mpaka mlangoni, tukakikataa, hicho si kiburi?" Tukasali wawili, tukanyamaza tusikilize, tukasikia kuku tu. Nilikasirika. Nikamwambia Mungu, wewe si useme tu! Unashindwa nini kusema?

Kesho yake mchana tukakaa kivulini na chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa. Nikamwambia mume wangu, haya, tuseme tumekubali, duara limetema dhahabu, wewe tajiri. Utafanya nini?

Akafikiri. "Nitajenga."

"Nyumba unayo."

"Nitajenga nzuri. Kahama mjini. Ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, na ndani," hapo akainua kidole, macho yanang'aa, "ndani bomba! Unafungua tu, maji haya hapa!"

Nikamwangalia. Naye akaniangalia, kidole bado juu.

"Kwa hiyo," nikasema, "tuache kuchimba maji, tubomoe nyumba, tuchimbe dhahabu, ili tukanunue nyumba yenye maji?"

Yalaa! Tulicheka! Chai ikamwagika, akapaliwa na mchembe, nikampiga mgongoni huku mwenyewe sijiwezi. Alipotulia akajifuta machozi, akatazama ua wetu, kuku, majaruba yetu ya mpunga kule mbele. Akasema taratibu, "Kumbe hatukosi kitu. Ni maji tu." Basi, hapo nikajua. Sikuoneshwa ndoto wala maono, ila mzigo ulinitoka kifuani, naye nilimwona usoni umemtoka. Tukaenda pamoja kumwambia fundi aendelee kutafuta maji.

Fundi akatutazama kwa huruma. "Mayu, sitawadanganya. Mwamba huu ni mgumu, na chini yake sioni dalili ya maji. Mnaweza kukosa vyote viwili."

Kukosa vyote viwili! Kijiji kizima kingetucheka mpaka wajukuu. Mume wangu akashika kamba. "Piga tindo," akasema.

Akapiga. Jioni ile akapiga, asubuhi akaanza tena, nyundo na tindo, ko, ko, ko, na watu wamejazana kwenye ua wa minyaa wanatutazama kama wagonjwa. Mawe yaliyotoka hatukuyatupa, sisi si wendawazimu. Tuliyauza, yakatosha kumlipa fundi na kununua simenti. Lakini maji, hakuna. Ndoo inapanda kavu, inashuka, inapanda kavu. Nikasogea peke yangu nyuma ya jiko nikasema, Baba, hata kikiwa kikavu nitakushukuru. Nitabeba dumu langu niende mtoni, na nyumba yangu nitairudia. Nilimaanisha kila neno, na hofu ikaniachia pale pale, nikarudi nikaendelea kupepeta mchele.

Mchele bado uko kwenye ungo, nyundo ikanyamaza.

"Minzi!" Sauti kutoka chini. Maji! "Minzi, Mayu! Nivuteni! Nivuteni haraka!"

Nilitupa ungo. Nilishika kamba na mume wangu, majirani wakaruka ua wakashika nyuma yetu, na fundi akatoka amelowa mpaka kiunoni, kiatu kimoja, anacheka kama mwehu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa wa mwamba ule ule. Ndoo ya kwanza nikaizamishia mdomo. "Subiri yatulie, ni tope hilo!" mume wangu akapiga kelele. Nani asubiri? Nilikunywa tope, jamani, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Bosi alifika saa ile ile, jua la utosi, watu bado wanacheza uani. Akachungulia shimoni, akavua miwani.

"Mmeliua duara," akasema. Kwa mchimba dhahabu, maji ni adui. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini si neno. Nitaleta pampu, tunayakausha yote."

Mume wangu alinitazama kwanza. "Hapana, bosi. Tunashukuru. Maji haya tuliyaomba."

Yule bwana jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. Nikachota kikombe, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa chote, akafuta mdomo, akaninyooshea kikombe.

"Mama," akasema, "niongezee."