Mtoto wa Jike Wetu

Mama yangu tumemzika masika haya, na katika matanga watu walisimulia mengi juu yake. Hili la mbwa hakuna aliyelisema, labda kwa sababu wengi waliokuwepo siku ile wametangulia. Naliandika mimi, niliyeishia darasa la nne.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Mikumi, tukitoka Malolo na mbwa wetu jike. Shamba la kijiji lilipakana na pori. Jike yule akazaa chini ya kihenge chetu, watoto wakafa wote ila dume mmoja, naye akakua akiwa na sura ngeni: mdomo mwembamba, masikio yamesimama, mstari mweupe ubavuni. Hakubweka. Jioni aliinua shingo akalia kama mbweha. Lakini alikolala yeye nguruwe pori hawakugusa mahindi.

Watu wakasema jike wetu alipandwa na mbweha. Wakamwita dume yule chotara.

Kisha kichaa cha mbwa kikaonekana vijiji vya jirani, na bwana mifugo akaja na bunduki. Amri yake ilikuwa fupi: mbwa mwenye mwenyewe atabaki, ila mbweha yeyote atakayekutwa kijijini atapigwa risasi. Majirani wakamweleza habari za dume wetu. Mama akaitwa kwenye ghala la kijiji, aje naye.

Bwana mifugo alikuwa kijana kutoka mikoa ya Ziwa. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akauliza kama mnyama huyu ni mbwa au mbweha. Mama akamtazama kwanza mbwa. Mzee mmoja, mtani wetu, akadakia: "Mtani, si useme tu? Mkweo yuko porini, anaona haya kuja kujitambulisha."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kamba, na mbwa alikuwa amelalia miguu yangu.

Njia rahisi ilikuwepo. Kijiji kilikuwa na mbwa madume wengi. Mama angemtaja yeyote kuwa ndiye baba, na nani angembishia? Nilimtazama nikiomba ataje.

"Baba yake simjui," akasema. "Sikumwona. Huenda ni mbweha, kama wanavyosema."

Bwana mifugo akaishusha bunduki kutoka begani.

"Lakini mama yake ni mbwa wangu," mama akaendelea, sauti ile ile. "Na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kutoka popote. Huyu ni mbwa."

Karibu kila mtu mle ghalani, hata waliomshitaki, alipata ukoo wake kwa mama. Kumbishia kungekuwa kujikana wenyewe. Bwana mifugo akasema kwao mtoto ni wa baba.

"Kwenu ni kwenu, mwanangu," mtani akamjibu. "Hapa umekuja peke yako."

Kijana akacheka, akairudisha bunduki begani. Akaagiza mbwa afungwe mchana, ashinde nyumbani, na afunguliwe usiku tu, shambani.

Miaka ya karibuni nimemsikia mtaalamu redioni akieleza kwamba mbwa mwitu wa nchi za baridi huzaa na mbwa wa kufugwa, na watoto wao nao huzaa, hata damu zao zimechanganyika tangu zamani. Ila mbweha wetu wa mstari ubavuni, alisema, yuko mbali mno na mbwa. Basi huenda yule alikuwa mbwa tu mwenye sura yake. Sijui. Mama naye hakujua, na akasema hajui huku bunduki iko mbele yake. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote waliyoyasema matangani.

Baadaye majike wa kijiji wakaanza kuzaa watoto wenye midomo myembamba. Wale wale waliomshitaki ndio waliokuwa nao, wakijisifu kwamba nguruwe hawakaribii mashamba yao. Dume wetu alipokufa, mama alitamani mmoja wa watoto wale. Nikamwambia akamchukue tu, si ni damu ya mbwa wake?

"Wale wana mama zao," akasema.

Akajitanda kanga safi, akaenda kwa jirani, akapiga hodi, akaomba kama mtu mwingine yeyote.