Mizani ya Wapagazi wa Meru

Sifaeli hakuwahi kuchaguliwa kuwa kiongozi wa kitu chochote, lakini kila mpagazi wa Mlima Meru alimjua, maana yeye ndiye aliyetunza mizani. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa na ndoana chini. Waliinunua wenyewe mwaka ule Abdiel alipoanguka na mzigo wa kilo thelathini na nne akavunjika mgongo. Tangu hapo hapandi mtu mpaka mzigo wake umening'inizwa mbele ya wote na Sifaeli ametamka kwa sauti: kumi na nane. Ishirini. Ukizidi hapo, unafunguliwa, vitu vinatolewa. Kiongozi wa safari akinuna, anune.

Nyumbani, kule juu ya Kikatiti, mkewe Hanna aliizungushia kitenge kama mtoto mchanga.

Aliyewapigania mpaka wakakubaliwa kupima ni Melkizedeki, mpagazi mwenzao na mwenyekiti wa chama chao cha wapagazi. Ni yeye pia aliyeandika kwenye katiba yao kwamba kiongozi wa wapagazi hatashika cheo cha siasa. Baba yake Sifaeli aliposomewa kifungu hicho alipiga makofi. Mzee alikuwa kibarua wa shamba la kahawa enzi za chama kimoja, wakati umoja wa wafanyakazi ulikuwa mkono wa chama hichohicho.

"Ukilalamika, anayekusikiliza na anayekunyamazisha ni mtu mmoja," alisema. "Ninyi mmeanza vizuri."

Basi Melkizedeki akaja siku moja kwa Sifaeli, ananukia marashi mpaka kuku wakasogea.

"Shemeji Hanna, hamjambo? Baba Rachel, naomba mizani Jumapili. Kuna mkutano kule juu mlimani, naja na mgeni rasmi. Na wagumu wote waje, fulana ninazo."

Wagumu ndivyo wapagazi wanavyojiita.

"Fulana za nini?"

"Zina picha yangu. Nimechukua fomu, nagombea udiwani. Chama kinanitaka. Nikiingia mimi, wapagazi wote wameingia."

"Na kile kifungu ulichoandika?"

"Tulishakiondoa kwenye kikao."

"Kikao gani, mbona sikuitwa?"

"Kikao cha viongozi, baba Rachel."

Akanywa chai ya Hanna mpaka majani ya chini, akaaga.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha, magari yakakwama kwenye utelezi. Wapagazi wakaambiwa wabebe: viti, turubai, spika, jenereta, na sofa ya mgeni rasmi. Sofa! Sifaeli aliitazama ile sofa ya kahawia ikipandishwa mlimani juu ya vichwa vya watu wanne, mgeni mwenyewe akifuata nyuma na mwavuli.

Jenereta alipewa Elifuraha, mdogo wake Abdiel. Sifaeli akatundika mizani kwenye tawi la mgrevilea.

"Tupime kwanza."

Walipoliinua, mshale ukaenda, ukaenda.

"Arobaini na moja," akatamka.

"Leo si kazi, mzee," Melkizedeki akasema huku akitabasamu. "Leo ni heshima. Heshima haipimwi."

Elifuraha akainamisha kichwa akalibeba.

Kule juu meza kuu ilikula pilau. Wapagazi walipewa soda, moja kwa watu wawili. Melkizedeki akashika kipaza sauti kwa vidole vinavyong'aa mafuta. "Wapagazi wa Meru wanamkabidhi mgeni wetu rasmi zawadi ya upendo. Mizani yao! Baba Rachel, ilete!"

Watu wakashangilia. Sifaeli alisimama akiwa ameikumbatia. Miguu ikampeleka mbele.

"Mheshimiwa," akasema, "hii imepima jenereta lako. Kilo arobaini na moja, mgongoni kwa huyo kijana."

Mgeni akacheka, akapiga makofi. "Mzee ana utani huyu!" Akaipokea, na bila kuitazama akampa dereva wake.

Jumatatu, kwenye geti la kupandia mlima, nguzo waliyozoea kutundikia mizani ilikuwa tupu. Juu yake imebandikwa picha ya Melkizedeki.

"Haya, nyanyueni, ni ishirini ishirini," alisema Joel, kiongozi wa safari.

Sifaeli akaunyanyua wake. Mikono yake ilikuwa imejifunza uzito kwa miaka kumi na miwili. Huu ulikuwa zaidi ya thelathini. Akautua, akaukalia.

"Vipi tena, mzee?"

"Nasubiri mizani."

"Si mliitoa wenyewe jana?"

Ni kweli. Sifaeli aliipeleka kwa mikono yake mwenyewe, na sasa mikono hiyo ilimchukiza kuliko ile ya Melkizedeki yenye mafuta.

Elifuraha, aliyekuwa amevaa ile fulana ya kampeni ndani nje, akakalia mzigo wake. Kisha wengine. Joel akampigia Melkizedeki simu, akaongeza sauti wote wasikie.

"Baba Rachel, usinitie aibu, kura za maoni ni keshokutwa! Pandeni, nikishapita tutaongea."

"Njoo uubebe huu wa kwangu mpaka kibanda cha kwanza," Sifaeli akasema. "Ukifika nao, nami nitapanda."

Simu ikakatika.

Watalii wakaanza kutazama saa. Sifaeli akainuka; Joel akapiga magoti akafungua kamba za mzigo ule. Akatoa mtungi wa gesi. Sifaeli akaupima mzigo kwa mikono, akatikisa kichwa. Joel akatoa madumu ya maji. Bado. Akatoa sufuria mbili. Hapo Sifaeli akatema mate chini ya ile nguzo, akajitwika.