Benchi Lenye Uso wa Babu

Nikipita kwa maseremala wa Chang'ombe, harufu ya mninga uliorandwa hunirudisha shuleni, ingawa shule yenyewe mie niliishia la nne. Haikuwa ya serikali. Iliendeshwa kwa vitu walivyotoa wazazi kila mwaka. Mwaka ule mchwa walikula mabenchi, mwalimu akasema darasa letu litafungwa. Baba, mchongaji, akaleta benchi refu la kututosha, na kwenye egemeo kachonga uso wa marehemu babu. Wenzangu wakagoma kukaa.

"Mwalimu, mzee wa watu tutampaje mgongo?"

"Tena anatukodolea kama hatujaoga."

Baba akashika randa. Akaupiga uso wa baba yake taratibu, maranda laini yakimwangukia miguuni, mpaka ukabaki ubao mtupu.

"Haya wanangu, kaeni."