Baba Mukubwa Alikuwa Anasikia Yote

Musicheke kwanza, muniache nimalize. Aibu ni yangu, ninaikubali, na hapa mujini Baraka bantu banaijua kunipita mimi mwenyewe, lakini banaisimulia vibaya, eti fundi alitukana muzee bure tu. Bure! Haya, nilitukana, lakini musikie kwanza ilianzia wapi.

Mi ni fundi wa simu, na kibanda yangu iko chini kabisa ya antena. Faila, binti niliyekuwa nataka kuoa, baba yake alikufa zamani, kwa hiyo mwenye neno kwao ni baba yake mukubwa, muzee Wilondja, anayekaa Misisi karibu na mashimo ya zahabu. Juma moja mbele ya posa muzee alishuka huku Baraka na simu yake iliyoanguka mu beseni ya maji. Nikasema huyu ni Mungu ameniletea, nitamutengenezea bure anipende. Nikaisafisha, nikaikausha, ikawaka. Ilibaki kupima kama inatuma sauti muzuri, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Mwalimu wangu wa ufundi alinifundisha: simu ikiwa karibu na antena, antena inaiambia ipunguze nguvu, inanong'ona tu, ikienda mbali inaambiwa iongeze, paka ipige kelele. Basi unaipeleka mahali rezo (mutandao) imebakia kijiti kimoja, unaita muntu, unaisogeza kwa radio. Radio ikinguruma, unajua ampli (kile kipande kinachotia sauti nguvu ya kutoka) ni kizima. Pale kwangu, chini ya antena, hata simu mugonjwa inajifanya nzima. Nilijua! Lakini jua lilikuwa kali, na mushonaji alikuwa ananingojea na suruali ya posa, nikaita pale pale, radio ikafanya tik-tik kidogo, nikasema, "Baba, simu nzima. Hata ukiwa mu shimo tutakusikia."

Siku ya posa mvua ilikata barabara, muzee hakuweza kushuka, bakapatana atoe neno kwa simu. Na mimi na kiherehere yangu (nani alinituma?) nikaazima bafle kubwa ya korali ya kanisa, ile sanduku ya kupaza sauti, nikaunganisha simu yangu, ili bantu bote basikie.

Musemaji wetu akauliza, "Muzee Wilondja, munatupatia binti?"

Krrr. Kimya. Tukaita tena, akapokea, kimya. Mara ya tatu, kimya. Shangazi ya Faila akajifunga kitenge kiunoni akasema, "Kaka yangu hanyamazaki hivi bure. Amekataa." Faila akaanza kulia mbele ya bote, na mi damu ikanipanda kichwani, nikanyakua simu: "Amekataa nini? Huyu muzee iko na kiburi! Simu nilimutengenezea bure, hata soda nilimununulia, leo ananinyamazia kama mi ni mwizi? Abakie na mashimo yake!"

Nilifikiri laini imekufa. Nikaangalia kioo ya simu: dakika zilikuwa zinatembea.

Nusu saa kiisha simu ikalia, bado iko mu bafle. "Fundi." Sauti safi kabisa! Muzee alikuwa ametoka kwake, kwenye rezo ya kijiti kimoja, amepanda moto (pikipiki) paka chini ya antena ya kwao. "Nilisema ndiyo mara tatu, hamukunisikia. Lakini mimi nilikusikia. Yote. Na soda." Bantu bakaanguka na kicheko, hata musemaji wangu mwenyewe. "Ndiyo ya inne utakuja kuichukua huku, na simu ingine mukononi."

Sasa mi nauliza: shangazi aliyesema amekataa, mbona yeye hachekwi? Mimi ndiye banaita Soda paka leo, hata batoto ya masomo!

Nilienda Misisi siku mbili ndani ya matope, na suruali ile ile ya posa, Faila na kaka yake bako kwa moto ingine nyuma. Muzee akaita nyumba nzima ikae. Nikapiga magoti, nikaeleza ampli, nikaeleza maji, nikaomba musamaha. Akaniangalia. Kiisha akafungua kinywa, akatembeza midomo kwa muda murefu, bila sauti hata moja, akafunga.

"Umesikia?"

Faila alikuwa anauma kitenge asicheke. Jibu nilikuwa nalo, naapa, tena kali. Nikalimeza.

"Nimesikia, baba. Asante."

"Sasa unajua kungojea," akasema, na akanipa mukono.

Faila ni bibi yangu leo. Na kila simu inayopita kwangu ninaitembeza kwa miguu njia ya Fizi, paka mahali rezo inataka kukufa, jua liwake au mvua inyeshe, bacheke bachoke. Na sifungui tena kinywa kumusema muntu kama sijaangalia kwanza kwenye kioo, dakika zimesimama ao bado zinatembea.