Mtihani wa Tatu wa Kasuba

Kasuba Chola ni mwanamke wa Kibemba, na kambi nzima mtu pekee aliyeruhusiwa kumtukana kabla ya chai ya asubuhi alikuwa Jere, kwa sababu Jere ni Mngoni. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki watani. Mtani humwambia mtani wake lolote, hata msibani, na anayekasirika ndiye anayechekwa.

"Umeamka, mla nyani?" Jere alimwuliza asubuhi ile huku akifuta bunduki. "Leo ukianguka unarudi kufua mashuka. Nimeshakuwekea sabuni."

"Nenda kapige mswaki kwanza. Naona mkia wa panya kwenye meno."

Kasuba alicheka, lakini alikuwa ameshafunga kamba za viatu mara tatu. Miaka sita alifua mashuka ya wageni kabla hajaruhusiwa kukanyaga pori la Luangwa kama mwanafunzi. Mtihani wa kuongoza wageni kwa miguu alishaufanya mara mbili, akaanguka mara mbili. Mara ya kwanza alikosea majina ya ndege, sawa, hiyo haki yao. Mara ya pili mgeni mmoja aliteguka kifundo cha mguu, akaandikiwa kosa yeye. Sijui walitaka ambebe mgongoni! Leo ilikuwa ya tatu, na ya nne haipo. Ukianguka mara tatu unarudi ulikotoka, na yeye alitoka kwenye mabeseni.

Waliondoka jua likichungulia. Jere mbele na bunduki, Kasuba nyuma yake, kisha Wajerumani wawili, mtu na mkewe, na mwisho kabisa Bwana Simukonda, msimamizi wa mtihani, na daftari lake. Huyo alikuwa akiandika tu tangu kambini, na kila kalamu ilipokwaruza Kasuba aliisikia kisogoni.

Katika msafara wa namna hii bunduki ni ya askari, lakini neno ni la kiongozi. Askari hakoki, yaani hapandishi risasi tayari kupiga, mpaka aambiwe. Akikoki kwa kichwa chake, ananyang'anywa bunduki siku hiyohiyo, na askari asiye na bunduki hana kazi. Jere ana watoto sita, mkubwa yuko chuo cha ualimu.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Kasuba alilijua na wakubwa hawakulijua. Mwezi wa tano tembo alimkanyaga askari aliyekuwa akifanya kazi na Jere, na Jere akiona kwa macho yake. Alimzika, akakaa wiki moja, akarudi akasema yuko sawa. Sawa gani! Tangu siku hiyo hakuweza kunywa chai bila kushika kikombe kwa mikono miwili.

Saa mbili walikuwa wanapanda kutoka kwenye korongo kavu. Kasuba ndiye aliyemwona wa kwanza: tembo jike chini ya mti, hatua hamsini hivi, anaokota maganda ya mbegu yaliyodondoka, na mtoto wake kati ya miguu. Aliinua mkono. Wote wakasimama.

Upepo ulikuwa unawapiga usoni, vizuri kabisa, harufu yao haimfikii. Alianza kuwarudisha wageni taratibu kuelekea korongoni. Hatua tatu, nne. Kisha akahisi shingo yake inapoa kwa nyuma. Upepo umegeuka.

Yule jike aliinua mkonga, akatanua masikio, akaja.

Usidanganywe na mtu anayekwambia tembo ana kishindo. Anakuja kimya, vumbi tu. Mke wa Mjerumani alitoa sauti ndogo. Kasuba alimwona tembo amebeba kichwa juu, masikio wazi, akajua: anatisha tu, huyu atasimama. Alijua kama anavyojua jina lake. Ndipo akasikia mbele yake, kacha. Jere amekoki.

"Usipige," alisema.

Jere hakusikia. Bunduki ilikuwa begani, kidole kwenye kifyatulio. Akilini alikuwa amerudi mwezi wa tano, kwa yule mwenzake.

"Jere, usipige!"

Wapi! Hatua thelathini. Kasuba aliona vyote kwa pamoja: jike ameanguka, mtoto anazunguka maiti, na yeye beseni liko mbele yake. Basi akapaza sauti, nzito, bila haraka, kama yuko msibani:

"Wewe Mngoni! Mla panya wewe! Babu yako alitukimbia mpaka akaacha ngao njiani, na wewe unataka kujificha nyuma ya bunduki?"

Tusi la mtani haliachwi bila jibu. Midomo ya Jere ilicheza.

"Nyamaza, mla nyani," alisema kwa sauti iliyokauka. "Babu yangu... babu yako ndiye aliyejificha mtini na ndugu zake."

Kidole kikatoka.

Tembo alisimama hatua kumi tu kutoka kwao. Alitikisa masikio, vumbi likawamwagikia, akapiga kelele moja ya kupasua ngoma za masikio, kisha akarudi kinyumenyume kwa mtoto wake. Mjerumani alikaa chini palepale.

Walipofika mahali pa kunywa chai, Bwana Simukonda alimwita Kasuba pembeni. Jere alikuwa analinda karibu tu, anasikia kila neno.

"Binti, miaka ishirini sijaona mtu akimsoma tembo hivyo," alisema. "Lakini nilisikia bunduki ikikokiwa, na neno lako la kumwambia akoki sikulisikia. Kama alikoki mwenyewe, niambie. Namwandika yeye, wewe umefaulu."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Jere aligeuka, akafungua mdomo.

"Wewe angalia pori!" Kasuba alimkatia. Kisha akamwambia mzee, "Nilimpa ishara ya mkono."

"Ishara."

"Ndiyo, bwana."

"Kukoki mapema vile, korongo la kurudia liko nyuma yenu, hilo ni kosa la kumwangusha kiongozi. Unalijua?"

"Nalijua."

"Fikiri, mama. Nitasubiri."

"Nimeshafikiri."

Mzee aliandika kwamba ameanguka, akafunga daftari. Wala sitakuficha, Kasuba alijuta hapohapo. Lakini kumtukana Jere mchana kutwa ni haki yake, na kumpeleka Jere kwa wakubwa hakujua angeanzia wapi.

Mchana, alipokuwa anavua sare nyuma ya ghala, Jere alikuja. Bunduki aliiegemeza ukutani. Alivua kofia, akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi polepole, yale ya kumsalimu chifu.

"Mama Chola," alisema akiangalia chini. "Nashukuru."

Miaka minane hajawahi kumwita mama.

"Inuka, bwana. Usinifanyie hivyo." Alimshika mkono kumwinua. "Nitukane."

Jere alifungua mdomo, akatafuta tusi, akatafuta tena.

"Siwezi," alisema.