Harufu ya Hussen

Kila alfajiri marehemu alirudi. Salima hakumwona, alimnusa tu. Harufu kali ya salfa, inayowasha pua kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi, ilijaa chumbani, na papo hapo kifua cha Zakia, bintiye mdogo, kikaanza kupiga filimbi.

Mumewe, Hussen, alikuwa mpuliziaji wa dawa ya mikorosho. Miti ikianza kutoa maua, kijiji kizima cha Milola kilimwita. Mashine mgongoni, kipande cha kanga mdomoni, basi. Wenye mashamba walinunua salfa, unga wa dawa hiyo; barakoa hawakununua. Alirudi nyumbani akiwa wa manjano mpaka kope. Mwaka huu kifua kikambana, akaenda zake.

Salima akakaa eda. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, linatazama njia ya wanaume waendao msikitini, na mjane haonwi na wanaume wa kando. Pazia litoke wapi? Mama mkwe wake, Bi Somoe, akatundika mifuko mitupu ya salfa. Ilijaa tele uani.

"Mwanangu anamtaka mtoto wake," Bi Somoe alisema asubuhi moja, akinusa hewa kama anayeonja mchuzi. "Na bado hajaoga! Tangu mdogo alikuwa mvivu wa maji, huyu."

Salima akacheka, kisha akajifunika ushungi, maana kicheko kiligeuka kilio. Ukweli ni kwamba aliipenda ile harufu. Alifumba macho akanong'ona, "Umeamkaje, baba Zakia?" Na jamani, mifuko ile ilijivuta ndani, ikatulia, ikajitoa nje, kama kifua cha mtu.

Zakia alinyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya, akafungwa hirizi. Filimbi ikazidi. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu.

Siku hiyo upepo wa alfajiri ulichelewa, ukapiga dirisha jua limeshapanda. Mwanga ukapenya kwenye tundu la mfuko, na Salima akaona unga mwembamba wa manjano ukielea, ukishuka taratibu, ukitua juu ya kope za mtoto. Akapitisha kidole kwenye mto. Akakinusa.

Hussen.

Akashika pindo la mfuko. Akiishusha mifuko ile, atakuwa amemzika mara ya pili.

Zakia akakohoa, na pumzi ikachelewa kurudi.

Salima akaivuta mifuko yote ikaanguka.

"We Salima! Utaonwa!" Bi Somoe alipiga kelele.

"Wacha nionwe, mama. Mtoto hapumui."

"Na eda je?"

"Eda ni ya baba yake. Huyu bado yu hai."

Akamfunga Zakia mgongoni, akashika njia ya zahanati. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimwona mjane barabarani, amejifunika gubigubi, wakajivuta kando. Salamu yake haikuitikiwa. Watoto wakaitwa ndani, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, utadhani yeye ndiye aliyetoka kaburini.

Hakugeuka. Alisikiliza mgongoni kwake tu: pumzi, kimya, pumzi, kimya. Na kadiri alivyoiacha ile nyumba nyuma, kimya kikawa kinafupika.